Mliosoma Lincoln in the Bardo: huzuni ya mzazi inamzuia mtoto asiende zake?

Mshonaviua, Jang'ombe

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Nimemaliza riwaya wiki iliyopita na tangu hapo sina wa kuzungumza naye. Mume wangu si mtu wa riwaya. Wifi zangu nikiwahadithia habari za maiti wanaoongea wananitazama kama niliyepandwa na kitu. Basi naileta hapa.

Kitabu chenyewe ni Lincoln in the Bardo cha George Saunders, Mmarekani. Kilitoka 2017 na mwaka huo huo kikapata tuzo ya Booker. Sikukisoma kwa macho. Mie kazi yangu ni kushona kofia za viua hapa nyumbani; macho na mikono vyote viko kwenye sindano, masikio ndiyo yaliyobaki wazi. Kaka yangu aliyeko Uingereza alinitumia kile kilichosomwa kwa sauti, na humo mna wasomaji 166, kila maiti na sauti yake. Alisita kunitumia. Alinipigia simu kwanza: "Dada, mna mtoto anakufa kwa homa ya matumbo humo." Nikamwambia nitumie hivyo hivyo.

Mwanangu alikufa kwa homa ya matumbo. Mwaka juzi, wakati wa masika. Alikuwa na miaka tisa.

Kwa wasiokijua kitabu nitaeleza kidogo. Willie, mtoto wa Rais Abraham Lincoln, alifariki tarehe 20 Februari 1862 akiwa na miaka 11. Hilo ni la kweli, halikubuniwa. Tarehe 5 ya mwezi ule wazazi wake walifanya karamu kubwa Ikulu, na yeye yuko ghorofani anaungua homa. Alipokufa akawekwa katika chumba cha maziko cha ukoo mwengine, kwenye makaburi ya Oak Hill huko Georgetown, na habari zikabaki kuwa baba yake alirudi peke yake kumtazama. Saunders amelishika hilo la baba kurudi, akatia ndani roho zote za mavani pale, na takriban yote yanapita usiku mmoja. Roho zile hazikubali kuwa zimekufa. Jeneza wanaliita sanduku la mgonjwa. Kila mmoja anangoja apate nafuu arudi kwao: yupo aliyeoa na hajalala na mkewe, boriti ikamwangukia kichwani, yupo kijana aliyejikata mishipa, akajuta damu imeshaanza kumwagika.

Watoto hawatakiwi kukaa pale. Mtoto akikawia, huota vitu mfano wa mizizi vikamfunga asiondoke tena. Wengi huenda zao mara moja. Willie hakwenda. Kwa nini? Baba yake alifungua sanduku, akamtoa, akampakata, akamwahidi kuwa atarudi.

Hapo ndipo niliposimamisha sindano.

Siku ya tatu ya matanga, shangazi yangu, mtu mzima ninayemheshimu sana, aliniinamia sikioni akaniambia: "Punguza kulia mwanangu, machozi yako yanamchoma mtoto huko aliko." Alisema kwa huruma, namjua. Lakini neno lile halikunitoka. Nikilia naona namchoma. Nikijizuia naona namsahau. Sasa miaka miwili nakaa baina ya hayo mawili.

Na kuna kofia. Wiki aliyoanza kuumwa nilikuwa namshonea kofia ya Idi. Mchoro aliuchagua mwenyewe, akanifuatilia kila siku akitoka chuoni kuuliza nimefika wapi. Duara la juu nilishalimaliza, ule ukanda wa pembeni ulibaki kama robo. Mpaka leo imo ndani ya kopo la biskuti, na uzi wake, na sindano imechomwa pale pale nilipoishia. Siimalizi, simpi mtu, siifichi mbali. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa nafungua kopo naitazama. Basi niliposikia yule baba anamwahidi mtoto atarudi, moyo uliniambia: ni wewe huyo.

Jambo jengine lililonishika ni ile sura ya mwezi. Saunders amekusanya maneno ya watu walioandika juu ya usiku wa karamu, mengine ya kweli mengine ya kutunga, yamepangwa moja baada ya jengine. Huyu anasema mwezi ulikuwa mpevu, unang'ara. Huyu anasema hapakuwa na mwezi kabisa. Nyumbani kwetu ni vivyo hivyo. Mama mkwe anasema siku ile mvua ilikatika jeneza lilipovuka kizingiti. Jirani anaapa haikunyesha tangu alfajiri. Mie nakumbuka viatu vya watu vimejaa barazani vimerowa, na kati ya vile viatu vikubwa vikubwa kuna kandambili moja ya kijani, ya mtoto, mwenzake haionekani. Nani atanisahihisha?

Ila kinachoniuma zaidi ni mama. Mary Lincoln hayumo mavani. Yuko Ikulu kitandani, hata mazikoni hakwenda. Usiku mzima ni wa baba. Na sisi huku wanawake hatufuati jeneza. Nilibaki mlango wa uani, nikasikia "La ilaha illa Llah" zinakwenda, zinapungua, mpaka gari za barabarani zikazimeza. Nilichokiona mwisho ni shuka ya kijani juu ya tusi. Yaliyobaki sikuyaona, na sikuuliza.

Nataka kujua, nyinyi mliosoma mlimwonaje yule baba? Alikosea kurudi? Na mliofiwa, kitabu hiki kiliwafanya nini? Nawaomba msinambie tu "ni mipango ya Mungu". Najua ni mipango ya Mungu, nimekubali, na kopo bado nalifungua.

Miwani Mbili, Kiembesamaki

Pole sana dada. Mimi niliacha kama ukurasa wa hamsini. Sauti nyingi mno, hujui anayesema ni nani mpaka jina lije chini. Maiti niliyemzoea ni yule wa Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka: anarudi kuwasuta walio hai, na unajua amerudi kwa nini. Hawa wa Saunders wanasukumana kama watu kwenye foleni ya boti. Nauliza tu, ukisikiliza ni rahisi zaidi kuliko kusoma?

Mshonaviua

Mdogo wangu, ndiyo, kwa sikio ni rahisi. Sauti zile 166 mwanzo zilinichanganya na mimi, halafu nikatambua nimeshawahi kukaa katika kelele hiyo: ni nyumba ya msiba siku ya kwanza. Huyu anasoma Yaasini, huyu anauliza sanda imeshapatikana, huyu anasimulia msiba wake mwenyewe wa miaka kumi nyuma, na wote wanakusemesha wewe. Jaribu tena.

Mwalimu wa Chuo, Kikwajuni

Waalaykumu salaam dada yetu. Mwenyezi Mungu akupe subira na amjaalie mwanao awe kitangulizi chako.

Nilikisoma kwa sababu kijana mmoja niliyemsomesha chuoni alinijia akaniuliza kama bardo na barzakh ni neno moja. Si moja. Bardo ni ya Kitibeti, ya Wabudha, hali iliyo kati ya kifo na kuzaliwa tena, na katika mafundisho yao inaweza kufika siku 49. Barzakh ni Kiarabu, maana yake ni kizuizi. Katika Sura ya Al-Muuminun, aya ya 99 na ya 100, mtu anafikiwa na mauti anaomba arejeshwe duniani, anakataliwa, na nyuma yao ipo barzakh mpaka siku watakayofufuliwa. Kwa hiyo kwetu hakuna maiti anayezunguka mavani usiku akitafuta njia ya kurudi kwake. Saunders mwenyewe hata hao Wabudha hakuwafuata sawasawa. Amewachanganya na Ukristo wa kwao. Ndiyo maana yumo yule Mchungaji Everly Thomas, anayejua fika kuwa amekufa, kwa kuwa alishafika mbele ya hukumu, moyo wake ukapimwa, akakimbia. Sura ile ilinitia khofu ya kweli. Nilifunga kitabu nikenda kutia udhu.

Matusi ya wale maiti sikuyapenda, na kuna kurasa nimeziruka. Nalisema ili mwengine asije akashtuka.

Sasa la shangazi yako. Asilaumiwe, kwani alichokisikia kipo. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake. Lakini Bi Aisha maneno hayo yalipomfikia hakuyakubali kwa namna yalivyofahamika, akasoma aya inayosema kuwa mbebaji habebi mzigo wa mwengine. Na wanavyuoni wengi wameeleza kuwa linalokusudiwa ni mayowe, kujipiga vifua, kurarua nguo, tena kwa yule aliyeusia afanyiwe hivyo au aliyeliridhia. Machozi hayamo humo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbeba mwanawe Ibrahim anakata roho, macho yake yakabubujika. Abdurrahman bin Auf akamwambia: hata wewe, Mtume wa Mungu? Akamjibu kuwa hiyo ni rehema, kisha akasema kuwa jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Dada, mimi hapa huwa nasimama kila nikisomesha. Baba ametoka kumpoteza mwanawe, watu wote wanamwambia mbingu nazo zimefiwa pamoja naye, na anakataa kulichukua hilo. Machozi aliyachukua. Jua aliliacha.

Kuhusu mwanao: alikuwa hajabaleghe. Katika ile hadithi ndefu ya ndoto ya Mtume, iliyomo katika Bukhari, watoto wanaonekana bustanini wamemzunguka Nabii Ibrahim. Hapana mizizi pale. Ndiyo maana ile ya Saunders nimeisoma kama habari ya baba aliye hai. Ya mtoto aliyekufa sikuiona humo. Anayefungwa na mizizi ni nani, ukitazama vizuri?

Mtembezaji, Mji Mkongwe

Nitasema mawili halafu niwaachie wenye msiba.

La kwanza ni ule uzio wa chuma. Katika kitabu, weusi hawakuzikwa na wengine. Wamefukiwa upande wa pili wa uzio, kwenye shimo, wengi pamoja, bila jiwe. Usiku ule wanauvuka uzio na kuingia. Mimi kila wiki napeleka wageni Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, na juu yake likajengwa kanisa la Anglikana. Wageni wanaulizia alipouzwa mtu, walipofungiwa, bei ilikuwaje. Katika miaka kumi na moja ya kazi hii, aliyeniuliza "na waliokufa walizikwa wapi?" ni bibi mmoja tu. Kwa hiyo Saunders kuwapa wale watu sauti nimeshukuru. Ila pale mtumwa Thomas Havens anapoingia ndani ya Lincoln na kuondoka naye juu ya farasi, kama vile ndiye atakayemsukuma rais kuwaachia watumwa mwaka 1863, sikuridhika. Watumwa walikuwa wakitoroka na kudai uhuru wao kwa miguu yao wenyewe. Hawakuhitaji kuwa pepo wa mtu mkubwa ili wasikike.

La pili ni kuhusu mama, kwa kuwa dada amemtaja. Baada ya Willie kufa, Mary Lincoln aliwaita Ikulu watu waliodai kusema na wafu. Alikuwa na watoto wanne, wote wanaume, na watatu walimtangulia: Eddie 1850, Willie 1862, Tad 1871. Kitabu kimemwacha kitandani, lakini yeye maisha yake yote yaliyobaki alikuwa mavani. Angeandikiwa riwaya yake.

Na lile la ahadi. Lincoln alipouawa Aprili 1865, jeneza la Willie lilitolewa pale Georgetown, likapakiwa treni moja na la baba yake, wakenda pamoja mpaka Springfield, Illinois. Hili halimo kitabuni. Nililijua baadaye, na nilikaa nalo siku nzima.

Binti Konde, Pemba

Dada Mshonaviua, pole. Mie nitakwambia ukweli, kitabu hiki kilinighadhibisha. Nilikitupa kitandani mara mbili.

Baba yangu alikuwemo katika meli iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikija huku kwetu. Zilikuwa siku chache tu baada ya Idi. Alikwenda Unguja kununua mabati ya nyumba ya kaka yangu aliyekuwa anataka kuoa. Alipiga simu kabla ya kuondoka, akamwambia mama kuwa watu ni wengi mno, hana pa kukaa, lakini keshapata kona karibu na magunia, asubuhi inshallah watafika, amwekee chai. Mama aliiweka. Kaka yangu alikwenda Unguja akazunguka viwanja vya Maisara siku tatu, akifunuliwa uso mmoja baada ya mwengine. Hakumwona. Mpaka leo hatukumwona.

Kwa hiyo namsoma huyo Lincoln, usiku, ana ufunguo mkononi. Anafungua mlango, anavuta sanduku, anamshika mwanawe nywele, anamshika mikono. Halafu mimi nimwonee huruma? Nilimwonea wivu. Namwomba Mungu anisamehe, kumwonea wivu mtu aliyefiwa na mtoto, lakini ndivyo nilivyohisi. Hao maiti wote wa Saunders, wabaya wao na wazuri wao, kila mmoja ana sanduku. Hata hao wa upande wa pili wa uzio aliowataja Mtembezaji wana shimo. Watu wa baharini hawamo. Nilisoma mpaka mwisho nikiwatafuta.

Mama yangu hakujua aanze eda lini. Akiianza, kamuua yeye kwa mdomo wake. Asipoianza, anaishi kama mke wa nani? Masheikh wetu walikaa, wakamwelekeza, ikasaliwa sala ya ghaibu, akakaa kizuka miezi minne na siku kumi. Na kila mlango ukibishwa katika siku zile alikuwa anasimama. Anasimama, anakumbuka, anakaa. Nilikuwa na miaka kumi na nne, hicho ndicho nilichokiona kila siku nikitoka skuli.

Nitasema na zuri lake, maana lipo moja na ni kubwa. Willie anapoingia ndani ya baba yake na kusikia anachokiwaza, akajua kuwa amekufa, anatoka anawaambia wenzake wote: tumekufa. Neno ambalo watu wazima pale walilikwepa miaka na miaka, kalisema mtoto. Nyumbani kwetu lilichukua miaka saba. Tulikuwa tunasema "aliyepotea", "siku ile ya meli", "baba alivyokuwa". Mpwa wangu wa miaka minne akaonyeshwa picha, akauliza: "Babu huyu kafa?" Kila mtu akanyamaza. Mama akamjibu, "Kafa." Akainuka akenda kujaza maji birika. Mie nilitoka nje nikalia mpaka nikatapika, na siku ile usiku nililala usingizi ambao sikuulala tangu niko skuli.

Hapo Saunders kajua anachokisema, sijui kakijulia wapi.

Sasa nakuuliza mimi, na ukiona nimevuka mpaka unambie. Umetutajia shangazi, mama mkwe, jirani, kaka. Baba wa mtoto umemtaja kuwa si mtu wa riwaya, basi. Yeye ndiye aliyekwenda mavani. Umesema yaliyobaki hukuyaona na hukuuliza. Mie ningelikuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza kilichokuwa kule chini, nisingelilala bila ya kumuuliza. Wewe unaye, yuko nyumba moja na wewe.

Mshonaviua

Nimekaa siku nne sijajibu. Mnisamehe.

Mwalimu, shangazi nimemsomea yale ya Bi Aisha. Alinyamaza muda, akasema na yeye aliambiwa vile vile na bibi yake alipofiwa na mtoto wa kwanza, wa siku arubaini, na kwamba hajamlilia mpaka leo. Mtoto huyo angekuwa na miaka hamsini na tatu. Tumelia sote wawili jikoni, dagaa wakaungua.

Binti Konde, hukuvuka mpaka. Nilimuuliza.

Usiku umeme ulikatika, tulikuwa barazani, yeye anapiga msasa mguu wa meza ya mtu kwa mwanga wa simu. Mume wangu ni seremala. Nikamwambia: nihadithie siku ile, kuanzia mlangoni kwetu. Akaendelea na msasa. Nikadhani hatasema. Halafu akasema, bila ya kunitazama, kuwa yeye na mdogo wake ndio walioingia kaburini kumpokea. Akasema: "Nilijitayarisha kwa uzito. Nilikaza mikono. Nilipoletewa, mikono ikapanda juu yenyewe, alikuwa mwepesi vile." Akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamfungua vifundo vya sanda, akamwelekeza uso kibla, akamwekea donge la udongo nyuma ya mgongo asigeuke.

Halafu mbao. Mbao za kufunika mwanandani alizikata yeye asubuhi ile, na mimi nilisikia msumeno nikiwa ndani nikajiuliza nani anafanya kazi siku kama ile. Ni mbao alizoziweka kando tangu mwezi mmoja nyuma. Miguu ya mtoto ilikuwa imeanza kutokeza kitandani, akanunua mbao amrefushie kitanda. Sikulijua hilo. Miaka miwili nalala na mtu na sikulijua.

Nikamuuliza kama alimwahidi mtoto kitu. Akasema hapana, alimwambia "kwaheri baba" basi. Kisha akasema hupita pale kila Ijumaa baada ya alfajiri. Mie nilikuwa nadhani anakawia sokoni. Hukaa kidogo, hung'oa majani, hurudi na samaki.

Mtembezaji, niliposoma lile la treni ndipo nilipopata nguvu za kumuuliza. Sijui nieleze vipi lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi na mimi nikaleta kopo. Akaishika kofia, akaisogeza kwenye mwanga wa simu, akapitisha kidole ukandani mpaka pale nilipoishia. Akauliza, "Hivi hapa vimepasuka?" Nikamwambia havikupasuka, ni matundu niliyoyatoboa, hayajashonwa. Akasema sindano imepata kutu, itaiharibu nguo. Kweli, imeacha alama ya kahawia, ndogo kama punje ya ufuta. Nimeichomoa. Ilishikilia kidogo ikatoka. Kofia nimeirudisha ndani ya kopo, kuimaliza bado siwezi kusema.

Sasa kama aliyeota mizizi ni yule mtoto au baba yake, Mwalimu, mimi bado sijaamua. Naona Saunders anasema wote wawili, na naona wewe na yeye hamtakubaliana. Lakini nilivyokiandika mwanzo, kuwa usiku mzima ni wa baba na mama yuko kitandani, nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nilimwekea mtu ambaye sikuwahi kumuuliza neno. Hilo nalifuta.

Binti Konde, Alhamisi hii tunasoma hitima hapa nyumbani, wanawake ndani na wanaume barazani. Mume wangu amekubali. Nitumie kwa faragha jina la baba yako na la baba yake, nitie kwenye karatasi ya majina, asomewe pamoja na mtoto. Tunaanza baada ya alasiri, ukinitumia mpaka saa sita mchana nitawahi.